Wavu wa Tairi

Bugwema,
9 Januari 1983

Kwa mdogo wangu mpendwa Bernado,

Pokea salamu nyingi toka huku Bugwema. Hujambo hapo Kitaji? Mkeo Wankyo hajambo na hilo tumbo lake? Sisi tu wazima, watoto wanakohoa kidogo kwa vumbi la kulima, lakini wanakula.

Ungeniona ungenikimbia. Sabuni iliisha kabla ya Krismasi. Tunafulia majani ya mpapai, na nguo zinatoka na harufu ya mboga. Duka la kijiji lina kopo moja la rangi na majembe yasiyo na mipini, basi.

Baba anakusalimu sana. Huyo ndiye mtu pekee huku ambaye shida imemnenepesha. Wanamletea matairi mabovu ya malori, mengine yanatoka hadi Bunda. Anayachana, anachomoa nyuzi za ndani moja moja, anazisokota pajani, kisha anafuma wavu. Ni mweusi, mzito, unanuka moshi, lakini sangara hautoboi. Nikienda kumwona nakuta wavuvi wamepanga foleni. Unakumbuka kabla mpaka wetu na jirani haujafungwa, nyavu za dukani zilipokuwa zimejaa, alikuwaga anashinda barazani anafukuza kuku? Sasa wanamwita fundi, na anaitika kabla hujamaliza kuita.

Shemeji yako Renatus ni yule yule. Mgambo wamempa ukamanda na kirungu. Kwenye mikutano anasema nchi iliyotawaliwa ikizoea kununua kila kitu kwa wengine itatawaliwa tena kwa mlango wa nyuma. Akirudi anaoga bila sabuni kwa moyo mweupe kabisa, nami najikaza nisicheke mbele ya watoto. Lakini wewe anakuheshimu. Siku ukiwa unapita na mtumbwi toka ng'ambo ya mpaka, tangu mchana anasema kichwa kinamuuma, anajifunika blanketi, anageukia ukuta. Mgambo bila kamanda hawatoki doria. Hatujawahi kuizungumza habari hiyo. Mimi nampelekea maji tu.

Uzi ule wa mwisho uliouleta ulimfaa sana baba, vidole vyake vinavuja damu kwa kuchomoa matairi. Leta uzi tena. Ila nakuomba, Bernado, usije ukaleta nyavu zilizokwisha kufumwa. Uzi unampa mzee kazi. Nyavu zitamrudisha kwenye kuku.

Barua hii anakuletea Silasi, yule wa baiskeli ya samaki. Mpe jibu mkononi.

Ni mimi dada yako,
Marcelina


Kitaji, Musoma,
20 Februari 1983

Kwa dada mpendwa Marcelina,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Mimi mzima. Wankyo mzima, anakula udongo wa kichuguu kama vile analipwa. Anategemea kujifungua mwezi wa tano.

Karakana yetu imesimama. Vipuri hakuna, tunakwenda asubuhi, tunakaa juu ya makopo, tunarudi. Kwa hiyo usiniambie habari za bizinesi yangu ya mtumbwi kama vile ninayo kazi nyingine.

Nakuambia ukweli kwa sababu wewe ndiye uliyenizaa mara ya pili. Ng'ombe waliotoka kwa Renatus kwa mahari yako ndio waliomleta Wankyo kutoka Mugeta. Siwezi kukuficha. Yule mwenzangu wa ng'ambo, Mwikwabe, amekataa kunipa uzi. Anasema uzi hauna faida, anataka nichukue nyavu kamili, mzigo mmoja mkubwa. Nimekubali, mara hii moja tu, mpaka mtoto azaliwe.

Na huyo mumeo na mlango wake wa nyuma. Kwenye ule uzi kulikuwa na karatasi imeandikwa Korea. Nikamuuliza mwalimu mmoja jirani yangu hao ni watu gani. Akaniambia nao walitawaliwa, Wajapani waliwakalia kooni. Leo wanatengeneza uzi na kuuza dunia nzima. Sasa mimi nikimpa Mkorea samaki naye akanipa uzi, nani hapo anamtawala mwenzake? Na hao wa ng'ambo, si wanatumia hili hili ziwa letu? Shangazi si ameolewa kule? Tumefunga mlango, halafu tunajisifu kwamba ndani kuna giza letu wenyewe. Muulize Renatus hilo akiwa hana kirungu.

Baba nimemwambia mwenyewe. Nilipita kwake Jumapili iliyopita, nikasema mzee, safari hii naleta nyavu. Aliendelea kuchomoa tairi mpaka nikaaga. Nilijisikia vibaya njia nzima.

Niandikie siku ambayo shemeji ataumwa kichwa.

Ni mdogo wako,
Bernado


Bugwema,
Jumatano, 6 Aprili 1983

Mdogo wangu Bernado,

Habari za Pasaka? Sisi wazima. Naandika haraka, Silasi ameshika baiskeli mlangoni.

Renatus amesema leo asubuhi, bila kuulizwa, kwamba Jumamosi kichwa kitamuuma. Njoo Jumamosi, pale kwenye matete.

Lakini redio inatisha. Huko mijini kuna operesheni ya walanguzi, wanapekua nyumba, watu wanatupa sabuni chooni. Ungeiacha safari hii. Najua hutaiacha. Basi usishushe mzigo ukiona taa yoyote ufukweni.

Nina hofu, sitaki kukudanganya.

Dada yako,
Marcelina


Bugwema,
5 Juni 1983

Mdogo wangu Bernado,

Hii ni barua ya tatu nakuandikia humo gerezani. U hali gani? Wanakupa chakula? Mgongo wako unalalaje kwenye sakafu? Najua askari anaisoma kabla yako. Na aisome.

Wankyo amejifungua salama, mtoto wa kike. Ndugu zake walikuja kumchukua, yuko kwao Mugeta. Sikuweza kuwazuia, mume wake hayupo.

Nakueleza tena vilivyokuwa, maana hunijibu. Jumatano nilikuandikia kichwa kitamuuma, na ndivyo alivyoniambia. Ijumaa jioni baba alikuja. Nilishangaa, maana unajua mila zetu, mzee hendi kwa mkwewe ovyo. Alikataa kuingia ndani, akakaa chini barazani, kwenye vumbi. Renatus akampelekea kigoda, akakikataa. Nilipika, hakula. Walisema wao kwa wao maneno machache, mimi niko jikoni. Nikadhani amekuja kwa habari ya matairi. Akaondoka na fimbo yake.

Jumamosi Renatus hakuumwa kichwa. Alifunga viatu. Nikamwambia, si ulisema unaumwa? Akasema kimepona. Bernado, nilikimbia mpaka barabarani kumtafuta mtu wa kukuzuia. Silasi alikuwa amekwenda na samaki, na wewe ulikuwa tayari majini. Nilikaa kwenye matete mpaka mgambo wakanifukuza. Nilipiga kelele ulipokaribia. Ulinisikia? Upepo ulikuwa unatoka kwako kuja kwangu.

Miaka miwili na nusu kwa nyavu. Nilipoambiwa na watu waliotoka mahakamani nilikaa chini.

Wewe unadhani barua yangu ilikuwa mtego. Nitakuapia kwa nini ili uniamini? Nimelala na huyu mwanamume nyumba moja tangu siku ile na sijui la kumwambia. Nijibu hata kwa matusi.

Ni mimi dada yako,
Marcelina


Musoma, gerezani,
28 Agosti 1983

Kwa Marcelina,

Nimepata barua zako zote.

Mimi nilikwenda pale kwenye matete kwa sababu wewe uliniambia niende. Siku uliyoisema wewe, mahali ulipopasema wewe. Nikamkuta mumeo amesimama, na nyuma yake lori la polisi. Sikusikia kelele ya mtu. Unataka nifikiri nini?

Nimesikia unasema utaondoka kwa Renatus. Usithubutu. Ukiondoka atadai ng'ombe wake, na ng'ombe wake wako Mugeta kwa baba yake Wankyo. Nitatoka humu sina mke wala mtoto. Umeshanifunga mara moja. Kaa hapo ulipo.

Usiniandikie tena.

Bernado Masatu


Bugwema,
14 Oktoba 1984

Mdogo wangu Bernado,

Ulinikataza, nami nimevumilia mwaka mzima na zaidi. U mzima? Mimi nimepungua lakini nipo.

Nilikwenda Mugeta kumwona Wankyo. Basi liliharibika Butiama, tukalala pale barabarani na samaki wangu wakavu, wananuka abiria wote wananitazama. Nilimkuta anakungoja. Mtoto anatembea, ana paji la uso lako, pole yake. Baba yake Wankyo alitaka kumwoza kwa mtu mwingine. Nilimpigia magoti. Amesema atasubiri utoke.

Huku mambo yamegeuka. Mpaka wameufungua, hilo umeshalisikia. Sasa mtu mwenye hela zake anaruhusiwa kuleta vitu. Pale Musoma mjini nyavu zimening'inizwa madukani, nyeupe, nyepesi, na polisi anapita anazitazama kama anavyotazama maandazi. Sabuni ipo. Nilinunua kipande, nikakaa nacho mkononi nikalia, watu wakadhani nimefiwa.

Zile nyavu zako walizipeleka ofisi ya kijiji. Panya wamezila, hakuna aliyezivulia.

Kwa baba hakuna foleni tena. Matairi yamejaa uani, mvua inaingia humo, mbu wanazaliana. Na macho yamekwisha, ule moshi wa mpira umeyaharibu. Anafuma kwa kupapasa, wavu ambao hakuna aliyeuagiza. Anakutaja wewe, halafu anarudi kupapasa mafundo.

Mwezi uliopita nilifunga mzigo wangu. Nikamwambia Renatus, ng'ombe na waende, siwezi kukaa na mtu aliyemfunga mdogo wangu na hataki kusema kwa nini. Akanikalisha akaniambia mambo mawili. La kwanza, yeye alidhani utanyang'anywa nyavu tu, wewe ufukuzwe uende zako. Lile lori la polisi lilikuja na operesheni, hakuliita yeye. Alipoliona ilikuwa huwezi tena kurudi majini. Kirungu alikwisha kukirudisha ofisini, hataki tena kukiona. La pili, aliniambia nani alimwomba afanye hivyo. Hilo siliandiki. Nimefungua mzigo wangu, nimerudisha nguo kwenye kamba.

Kama unahitaji mtu wa kuchukia, nichukie mimi, nimeshazoea. Ila ukitoka, mwendee baba kabla ya kwenda popote. Hana muda mrefu.

Ni mimi dada yako, hata ukikataa,
Marcelina


Majita, kwa baba,
3 Novemba 1985

Kwa dada yangu Marcelina,

Salamu. Nimetoka. Mgongo unauma, mengine yote yapo mahali pake. Wankyo amekuja na mtoto, ambaye ananikimbia akiniona, lakini jana alichukua kiazi mkononi mwangu.

Nitakuambia nilivyofanya, na si jambo la kujisifu. Nilitoka gerezani nikakopa kwa rafiki, nikanunua wavu pale mjini, mpya kabisa. Nikaja nao hapa kwa baba. Nilitaka kuutandaza mbele yake nimwambie, huu ndio ulionifunga, sasa unauzwa karibu na nyanya. Miaka yote ile nililala nikiyapanga maneno hayo.

Nikautandaza. Baba hanioni, anaona kivuli tu. Akaushika, akapapasa fundo moja, la pili, la tatu, akaenda nao hivyo mpaka pembeni. Akasema, ni mzuri, mafundo yote sawa. Kisha akasema, mimi ndiye niliyemwomba Renatus.

Nikasema, ulimwomba nini?

Akasema alikaa kwenye vumbi la mkwewe ili mkwe ashindwe kukataa. Alijua mkwe hawezi kumkatalia baba wa mkewe aliyekaa chini. Alimwambia, chukua nyavu, mwache mtoto. Hakujua habari za malori ya polisi. Alidhani ni neno la familia, litaishia kwenye familia. Akaniambia, Bernado, kwa miaka mitano watu walikuwa wanakuja kwangu. Ulipotaja nyavu niliona kuku.

Nilisimama nikataka kuondoka. Nilifika mpaka kwenye yale matairi uani. Dada, nilitaka kumpiga, ni baba yangu na ni kipofu na nilitaka kumpiga. Kisha nikakumbuka barua yako, ile ya mzigo na kamba ya nguo. Ulilijua hili mwaka mzima. Ungeliandika kwa mstari mmoja, mimi ningerudi kuwa mdogo wako siku hiyo hiyo, na mzee ningemwacha afe peke yake. Ulikaa na jina baya ili mimi nije hapa.

Nisamehe. Sina namna nyingine ya kulisema.

Bado nasema Mkorea hana kosa. Nyavu zitakuja tu, na zije, wavuvi wanazitaka na mimi nazitaka. Lakini baba naye nimeshindwa kumpata na kosa, nimejaribu. Nimekaa naye hapa tangu Jumatatu nachomoa nyuzi za tairi, vidole vimepasuka. Yeye anasokota, anafuma, ananigombeza kwamba nachana vibaya. Wavu huu hakuna atakayeununua, na anajua. Nimemwambia nauagiza mimi. Akauliza matundu ya inchi ngapi. Nikamtajia, akaanza upya.

Jumapili ijayo nitakuja kwako na Wankyo na mtoto. Tutakula chakula chako. Mwambie shemeji nimesema asiumwe kichwa siku hiyo.

Ni mimi mdogo wako,
Bernado