Majani Makavu Si Takataka

Likasi, Kikula
Jumatano

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako linaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa vumbi la mbao? Mimi mwili ni mzima, ila moyo unachemka, na nikinyamaza nitaumwa. Nakuandikia wewe kwa sababu ndiwe uliyenilea na kunifundisha kushika jembe.

Unajua nimepanga chumba kwa Mama Ilunga, mjane anayelea wajukuu wanne kwa mboga anazouza sokoni. Lupangu yake, yaani kiwanja cha nyumba yake, iko mteremkoni. Udongo wa huku ni mwekundu na mgumu, mvua ikinyesha unakimbilia barabarani. Basi nilimwonyesha ulivyokuwa ukifanya huko Moba. Tulichimba mifereji ya kukata mteremko ili maji yatulie na kuzama. Maji ya vyombo tuliyaelekeza kwenye migomba. Mahindi, maharage na maboga tuliyapanda pamoja, lengalenga, yaani mchicha, chini yake, kisha tukafunika udongo kwa majani makavu. Majani hayo niliyabeba mimi kichwani, Jumapili baada ya misa, majirani wakinicheka: "Karani iko nabeba chakula ya mbuzi, na haiko na mbuzi!"

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, viwanja vyao viliteremka hadi mtaroni. Chetu hakikupoteza hata konzi moja ya udongo.

Sasa sikia. Jumamosi iliyopita ilikuwa salongo, ile siku ya kusafisha mtaa mzima. Shefu wa ofisi yetu ya mtaa alipita kukagua, mimi karani wake nyuma yake na daftari. Huku wengi wanaamini usafi ni kiwanja kilichofagiliwa mpaka udongo ung'ae kama kipara. Akasimama kwa Mama Ilunga.

"Mama, weye unaishi mu pori? Hii buchafu yote ni ya nini?"

"Shefu, ile haiko buchafu. Ni blanketi ya bulongo," akasema akiuonyesha udongo.

"Blanketi! Bulongo iko nasikia baridi?" Watu wakacheka. "Na banyoka je?"

"Ingia utafute. Ukipata moja, nitakupikia ukule na bukari," yaani ugali wa huku.

Watu wakacheka zaidi, safari hii wakimcheka yeye, na hapo ndipo alipokasirika. Aliamuru nusu ya mbele ikwanguliwe na majani yachomwe. Maharage yaling'olewa pamoja nayo, yakiwa na maua. "Karani, andika: takataka."

Nikaandika, Yaya.  Mama Ilunga alinitazama mara moja tu. Hakusema, "Muulizeni huyo, ndiye aliyeyaleta." Angeweza kusema. Hakusema.

Tangu siku ile sili vizuri kwa hasira. Mitaro ya Kikula imejaa mifuko ya plastiki, hakuna aliyeiandikia ripoti hata mstari mmoja. Udongo wa mtaa mzima unasombwa kila mvua, na hilo wanaliita usafi! Ila mjane akiufunika udongo wake ili ulishe watoto, huyo ndiye mchafu. Nani aliwaambia kwamba ardhi inapendeza ikiwa uchi? Na mimi niliyesoma, ninayejua kweli, nilikuwa nani pale? Kalamu ya mtu mwingine.

Jumatatu niliagizwa kuchapa ripoti na barua ya wito. Mkosaji aje Ijumaa kujieleza; asiporidhisha, Jumamosi nusu ya nyuma nayo inachomwa. Unanijua nilivyo mwoga. Bado niko kwenye majaribio, mkataba sijapewa, na Shefu akikohoa tu mimi nasimama. Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka wenzangu wakaenda kula. Kisha, penye "jina la aliyeweka takataka", niliandika langu, kamili, pamoja na lile la ubatizo. Sikudanganya: ni mimi niliyeyaweka. Na neno takataka nikalifuta, nikaandika "majani makavu ya kutunza udongo".

Shefu alipiga mhuri bila kusoma, kama kawaida yake. "Bien. Peleka."

Kwa hiyo Ijumaa saa tatu nitasimama mbele yake, si nyuma yake. Nitabeba udongo wa sehemu mbili: wa mbele, ambao umeshapasuka kwa jua la siku nne, na wa nyuma, ambao ukiufinya unaacha unyevu kiganjani. Kama atanifukuza, anifukuze akiwa ameugusa kwanza.

Mama Ilunga hajui. Anadhani aliyeitwa ni yeye, maana Shefu alimtangazia wito wa Ijumaa palepale siku ya salongo, na amefua kitenge chake cha misa kwa ajili ya Ijumaa. Jioni hii nitamwambia akitunze mpaka Jumapili.

Msalimie shemeji seremala, na nyanya yetu aliyenipa jina, na wapwa zangu wote. Mwambie yule mkubwa asome, lakini asisome ili awe mwoga kama mjomba wake. Niombeeni Ijumaa asubuhi.

Ni mimi, mdogo wako wa mwisho,
Donatien