Zuio la Gundi Lina Jina la Mume Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana maji yamenifika shingoni, mume wangu ni fundi wa gundi ya viatu, na kwa miaka kumi na tisa ameipika kwa leseni ya mzee mmoja mwenye kiwanda, mkataba ukisema siri ya mchanganyiko asiijue mtu mwingine hata wa nyumbani, lakini macho ya mume wangu yalipopoteza nuru akashindwa kusoma mizani, akaninong'oneza vipimo vyote nikawa napima mimi, sasa mwaka huu mkataba umekwisha, mzee akaenda mahakamani akapata zuio kwamba mume wangu asipike tena gundi ile wala asimpe mtu siri yake, naye mume wangu akala kiapo kwamba hajamwambia mtu, yaani alikuwa ananikinga mimi, na mimi nikaona zuio lina jina lake, langu halimo, nikaendelea kupika kidogo kidogo chumba cha uani kwa ajili ya mafundi viatu wawili watatu, akiuliza harufu namwambia ni madebe ya zamani, jamani, juzi wakili wa mzee amepeleka kopo la gundi yangu mahakamani, wanasema mume wangu amevunja amri na anaweza kufungwa, kesi ni Alhamisi, naye halalamiki, ameniambia tu nimpigie pasi shati jeupe, nifanye nini?

Mke wa fundi

Mama, pole. Pole sana, ila utanisamehe, umejitakia. Jina lako halimo kwenye zuio, sawa, lakini siri uliipata kwa nani? Na hakimu gani ataamini kwamba mtu asiyeona mizani amepika gundi peke yake?

Kulia baadaye. Zima jiko leo. Usimwage kitu wala usichome karatasi, maana kuficha ushahidi ni kosa jingine. Funga chumba, ufunguo mpelekee wakili wenu. Kama hamna, nenda ofisi ya msaada wa kisheria kesho asubuhi. Mweleze yote, na hao mafundi viatu uwataje, aombe kile kiapo kirekebishwe kabla ya Alhamisi. Huenda hakimu akawahurumia, huenda asiwahurumie. Sikudanganyi.

Na hayo madebe ya zamani, hebu acha. Mtu aliyepika gundi miaka kumi na tisa atashindwa kujua harufu ya gundi mbichi? Anajua, mama. Alijua tangu siku ya kwanza, na shati hilo anataka kulivaa akafungwe kwa niaba yako. Lipige pasi, kisha kaa naye umwambie kwa mdomo wako. Alhamisi mwingize mahakamani umemshika mkono, na wa kwanza kusema uwe wewe.