Taa za Korola ya baba

Hanifa upo?

Unajua baba anavyolalamika kila siku kwamba taa za Korola hazioneshi, zile plastiki zimekuwa za njano. Leo nikazisugua mwenyewe kwa msasa laini na maji, nikamalizia na dawa ya meno. Zikang'aa, hadi balbu ndani unaiona!

Magharibi tukatoka kwenda Kalenga, yeye anaendesha. Barabara naiona mpaka kule mbele. Kuna mama anavuka, anasukuma baiskeli. Baba hapunguzi mwendo. HAPUNGUZI! Nikapiga kelele, "Baba, mtu!" Akakanyaga breki, tukasimama hatua mbili tu kutoka kwake.

Unajua alisema nini? "Ruwaida, taa zako bado zina ukungu."

Zina ukungu! Hanifa, taa zinawaka, barabara kweupe kabisa.

Nikamwambia ahamie upande wangu, niendeshe mimi. Hakubisha. Baba yangu mimi, hakubisha! Nikamuuliza ameanza lini kutoona vizuri. Akasema, "Tangu Ramadhani. Usimwambie mama yako."

Funguo nimezificha. Mama ananiita nikale. Naenda kumwambia, hata kama baba atanuna mwaka mzima.