Koti Lililorudi Limeshonwa

Baba Wambui,

Sikuulizi hali, maana sijui mtu akiulizwa hali huko uliko anajibu vipi. Na usinilaumu kwamba nimechelewa kuandika. Wewe ndiye uliyeondoka asubuhi ukasema unaenda kupanga foleni ya pasi ya kutembelea huko Ruiru na utarudi chungu cha githeri kikiwa bado moto. Huu ni mwaka wa nne. Kama kuna wa kulaumiwa kati yetu, si mimi.

Naandika kwa Kiswahili makusudi, tena naandika wazi, asome anayetaka. Darasani nilikaa miaka miwili tu pale misheni, na herufi zangu unazijua, zimelala huku na huku kama kuku wagonjwa. Lakini katika ile kambi walikokufungia mlikuwa na Wakamba na Waembu, na askari wa kutoka mbali, na nataka hata mmoja wao karatasi hii ikimfikia aielewe. Natafuta jambo moja tu: ulikufaje. Nilianza kulitafuta kwa haraka juzi juzi, kwa sababu serikali ilitaka kidole changu gumba.

Wanapima mashamba sasa huko rizavu, kwenye ardhi ya koo zetu. Vile vipande vya baba yako, kimoja huku kimoja kule, wanavikusanya kuwa shamba moja na kuliandika kitabuni. Ili Mbugua mwana wetu aandikwe, wewe sharti ufutwe kwanza. Na ili ufutwe, mjane wako aweke kidole kwenye fomu iliyokwisha kuandikwa: kambini amekufa kwa homa ya mapafu. Nikikataa, shamba linabaki bila mwenyewe, na shamba lisilo na mwenyewe tunajua linaishia kwa chifu na shemeji zake. Nikikubali, basi nimesema kwa kidole changu kwamba ni homa, na hakuna atakayeuliza tena mpaka dunia iishe.

Homa ya mapafu, wewe! Wewe uliyekuwa ukioga mtoni Ruiru asubuhi ya Julai, ukungu umekaa juu ya maji, unaimba nyimbo za jeshi, na mimi nimejifunga blanketi juu ya jiwe nakugombeza.

"Utakufa na kifua!"

"Kifua hiki kimepita Burma, Mama Wambui. Lete sabuni."

Nitakwambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Homgadi, wale walinzi weusi wa serikali, waliponiletea habari kwamba umekufa kwa mapafu, kitu cha kwanza hakikuwa machozi. Nilisema moyoni, si nilimwambia? Nikakukasirikia siku tatu nzima. Watu walikuja kuniliwaza wakanikuta nimenuna, wakafikiri ni uchungu. Ilikuwa hasira, tena ya mtu aliyekuwa na haki. Kwa hiyo unaona, mwanzoni mimi niliwaamini. Mimi ndiye niliyewaamini kuliko wote.

Mwili hawakuleta. Walileta koti lako la kaki la jeshi na mshipi, vimefungwa furushi. Homgadi aliweka mlangoni akasema, "Vitu vya mzee," akaenda zake. Nilifungua nikakuta koti limefuliwa na kupigwa pasi, mikunjo imesimama. Hapo ndipo nilipopaswa kuuliza. Tangu lini serikali hii ikampigia pasi mtu mweusi, tena aliyekufa? Lakini nilikuwa bado nimenuna. Nililitia kwenye kiondo kikubwa nikakitundika ukutani, likakaa huko miaka miwili.

Fomu ilipokuja ndipo nilipolishusha. Nilitaka kulipunguza mikono limtoshe Mbugua, aende nalo kwenye kupimiwa shamba, aonekane mtu. Nikapitisha mkono juu ya kitambaa kama ninavyofanya nikitafuta mahali pa kuanzia. Kwenye kiwiko nikakuta ushonaji wangu. Unakumbuka mashine ya kumenya kahawa ilipokukamata mkono wa koti pale kiwandani? Sikuwa na uzi wa dukani. Nilishona kwa uzi wa kiondo, katani niliyosokota mwenyewe juu ya paja, na wewe ukalalamika wiki nzima kwamba unawasha.

"Umenishonea koti au umenifunga kama mbuzi?"

Basi ule wangu ulikuwepo, mnene, umepinda, hauna aibu. Lakini mkono ulipofika mgongoni ukakuta mwingine. Uzi mweusi, mwembamba, wa cherehani, umenyooka. Mgongoni mimi sikuwahi kushona. Nikageuza ndani nje. Kuna kiraka cha kaki ile ile, kipana, kimewekwa upande wa ndani ili ukitazama kwa nje usione kitu. Nikajiuliza, nani huyu fundi mwenye heshima hivyo?

Nikatoka nikaketi kwenye mwanga, nikachukua sindano, nikaanza kufumua. Jirani yangu Mama Njeri alikuwa kando anapukuchua maharagwe. Mama Njeri unamjua, wewe na mume wake mlichukuliwa kwa lori moja, na kwake pia walisema homa.

"Unatafuta nini hapo, Mama Wambui?"

"Homa."

"Kwenye koti?"

"Si ndiyo iliyomuua? Nataka kuona ilipitia wapi."

Alicheka kidogo. Kiraka kilipotoka hakucheka tena. Koti lilikuwa limechanika mara tatu, ndefu, kutoka begani kuelekea kiunoni, na kwenye ncha za nyuzi kulikuwa na rangi ya kutu ambayo sabuni ya serikali haikuimaliza. Mama Njeri aliweka ungo chini, akaingia kwake. Alirudi na koti la mume wake. Uzi mweusi. Kiraka ndani. Tukaketi pale wawili, maharagwe yamemwagika na kuku wanakula, hakuna aliyewafukuza.

Watu wa Kamenu waliniambia kuna fundi aliyefungwa kambi hiyo, ametolewa, sasa ameweka cherehani kwenye veranda ya duka la Mhindi hapo Thika. Jina lake nalijua na siliandiki, ana watoto. Nilimfikia asubuhi, nikamtandikia koti juu ya meza yake. Mguu wake ukasimama kwenye pedali.

"Mama, hii imeisha. Nunua ingine."

"Sikuja kushona. Nimekuja kuuliza nani alikwambia uweke kiraka ndani."

"Wewe ni bibi ya nani?"

"Ya huyu." Nikapiga koti kofi.

Akatazama barabarani, akatazama dukani. Akasema kwa sauti ya chini, "Tuliambiwa nguo zinarudi nyumbani, zirudi zikiwa safi."

"Makoti mangapi?"

"Kumi na moja."

"Kwa mwaka?"

"Kwa siku moja, mama."

"Homa gani hii inayorarua koti?"

"Mimi nililetewa nguo. Watu sikuletewa."

Nikampasha. Unanijua. Nilimwambia ana mikono ya fundi na roho ya panya, kwamba ameshona uongo mshono kwa mshono na kuupiga pasi, kwamba mama yake kama yuko hai afunike uso. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ningekataa, langu lingekuwa la kumi na mbili." Nikanyamaza, Baba Wambui. Ungekuwepo ungeandika siku hiyo ukutani.

Nilipopata ulimi tena nilimwuliza kile kilichokuwa kinanila. Yote yalichanika mgongoni? Yote. Walikuwa wanakimbia? Akasema hajui, yeye alikuwa ndani na cherehani. Anajua tu kwamba asubuhi walitoka na majembe, na jioni yeye akaletewa nguo.

Sasa hapo ndipo nilipokosa usingizi. Mgongoni! Kuna watu hapa kijijini, siwataji, waliosema chini chini kwamba ulijaribu kutoroka. Mimi nilijua wewe si mtu wa kukimbia, hata nyuki walipotuvamia kwenye mikahawa ulitembea, ukavimba uso wote kwa kiburi. Lakini kujua kwa mke si kujua kwa dunia. Kwa hiyo nilimwita Mbugua nikamvalisha koti, nikamtoa uwanjani.

"Kimbia."

"Mama, watu wanaona."

"Waone. Kimbia mpaka kwenye mti ule urudi."

Akakimbia, mtu mzima ana ndevu, na wanawake wa kijiji wamesimama wanatazama. Koti likapeperuka, michaniko ikafunguka kila mmoja kivyake, mmoja huku, mwingine kule. Nikampa jembe. "Sasa lima." Akainama. Kitambaa kikavutika mgongoni, na ile michaniko mitatu ikalala sambamba, sawasawa, kama mtu amesimama mahali pamoja juu yako na kushuka mara tatu. Mbugua aliinuka akanitazama usoni, akaangusha jembe. Alivua koti polepole akanipa kwa mikono miwili.

Najua huo si ushahidi. Mimi si daktari wala jaji. Labda kitambaa kinadanganya. Lakini mimi nimesema niliyoona, na aliyeona vingine aje aseme.

Tulitafuta wenye makoti yale mengine tisa. Tulipata wanne. Mmoja, wa huko Theta, alikataa kabisa kufumua. Aliniambia, "Niache na homa yangu, mimi nalala nayo vizuri." Nikamkaripia mpaka akalia, na njiani kurudi nikajuta, maana sijui nani alinipa kazi ya kuwaamsha watu. Mwingine kwake lilikuwa limekwisha kutumika kutandikia ndama. Wawili walifumua, na mmoja wao, Nyakio, akasema atakuja nasi. Basi siku ya vidole tulienda watatu, mimi, Mama Njeri na Nyakio, tumevaa makoti ya waume zetu, viraka tumetoa. Jua lilikuwa kali hata mbwa wamejificha. Tukapanga foleni hivyo hivyo.

Karani alinyanyua macho. "Nyinyi akina mama mnaumwa? Mnavaa makoti na joto hili?"

"Tumekuja kuweka vidole," nikasema. "Lakini kwanza tusomee hapa." Tukageuka, tukampa migongo.

Nilisikia kiti cha bwana shauri, yule mzungu wa wilaya, kikisukumwa. Alikuja nyuma yangu karibu, nikasikia tumbaku yake. "Hii nini?" akauliza kwa Kiswahili chake kile.

"Koti, bwana," nikamjibu kwa hicho hicho. "Ya mtu ulisema amekufa kwa mapafu. Onyesha mimi mapafu yako wapi."

Sikumwona, lakini Nyakio aligeuza shingo akaona: anasema bwana alitia kidole kwenye mchaniko mmoja akakitoa haraka kama ameshika jiko. Kisha wakaongea Kiingereza yeye na karani, kirefu, na karani akawa mwekundu nusu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu.

"Bwana anasema," karani akatuambia, "tuandike amekufa tu. Kwa nini amekufa, tuache."

"Futa basi nikiona."

"Utaonaje, mama, na hujui kusoma?"

"Futa."

Akafuta. Nikainama juu ya karatasi nikaisoma herufi moja moja kwa sauti, jina lako, jina la baba yako, na nikamwambia "kwa" imebaki, aifute na hiyo. Akafuta na hiyo. Ndipo nikaweka kidole. Na Mama Njeri, na Nyakio. Mbugua ameandikwa kitabuni. Shamba tulilopewa lina mawe upande wa chini, na nadhani si bahati mbaya, lakini upande wa juu utakubali kahawa.

Sasa nataka unisikilize. Wambui binti yetu amejifungua mara ya pili, ni mvulana tena, na kwa desturi yetu mvulana wa pili huitwa babu wa upande wa mama, basi yeye ndiye wewe, ana jina lako lote. Ameanza kukaa. Ana macho ya kuchungulia, kila kitu anakigeuza upande wa chini aone kuna nini. Nikimbeba namwita mume wangu, na yeye ananivuta sikio. Atakuja kuniuliza alikufaje mwenye jina, maana hiyo tabia si yako, ni yangu. Nitamwambia nini? Kwamba uliinama? Kwamba mtu fulani alisimama juu yako? Nani? Ulikuwa umesema neno gani? Ulikataa kulima, au ulilima polepole kwa kiburi kile chako? Mliangushwa pamoja nyote kumi na mmoja, au ulitazama wengine kwanza? Walikuzika wapi, na umelazwa upande gani? Haya ndiyo ninayotembea nayo nikichota maji. Sitaki kulipiza, sina nguvu hizo. Nataka kujua.

Na wewe mwingine uliyekuwa naye kambini, ukisoma hapa, awe alikuwa na jembe au na rungu, njoo. Uliza nyumba ya Mama Wambui mwenye mdomo, hakuna asiyeijua. Nitakupa uji kwanza, kisha utasema. Sitakupigia kelele mpaka umalize.

Na wewe, Baba Wambui, kwenye fomu ya serikali baada ya neno "amekufa" kuna mahali patupu, kama urefu wa kidole changu. Ndicho nilichokupatia kwa miaka hii minne. Si kikubwa, lakini homa haimo. Nimemwambia karani nikishapata la kuandika nitarudi mwenyewe, na kalamu nitakuja nayo.

Lala ulipolala.

Mimi mkeo, mama ya watoto wako