Bunduki Uliyoniandikisha

Baba Wilondja,

Nakuandikia nyuma ya daftari lile lile la vipimo, maana kurasa zimebaki nyingi na wewe huzihitaji tena. Bunduki yako imefika. Meli iliishusha bandarini Baraka kutoka Usumbura, lori la Bwana wa pamba likaipandisha hadi huku Fizi, imefungwa mbao mbili na gunia kama mtu aliyevunjika mguu. Watoto wazima. Mama yako anakula vizuri, ila mimi hakunisalimu tangu tulipokuzika hadi juzi. Nitafika hapo.

Unanijua, hata maji ya kunywa nayanusa kwanza. Kwa hiyo ulipoanza kukosa wanyama mimi ndiye niliyewahi kusikia minong'ono, kabla haijafika kwako. Miaka tisa ulikuwa unawalisha nyama wafanyakazi wa Bwana, kisha ghafla mbawala mmoja akakuponyoka, wa pili, wa tano. Kwetu mwanamume akikosa mnyama hakuna anayeuliza bunduki. Wanamuuliza mke wake alikuwa wapi siku hiyo. Mdogo wako Alimasi alilisema wazi penye pombe, na aliyenipa habari alinitazama usoni aone kama nitashtuka. Sikushtuka. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia.

Wewe hukuniuliza kitu. Ungeniuliza, ningekujibu, tungegombana, tukalala. Badala yake ulikuja Jumapili moja baada ya ibada, ukaketi barazani, ukasema nilete kalamu na ule utepe wangu wa kupimia nguo. Bwana alikuwa amekubali kukuagizia bunduki mpya kwa fundi wa Usumbura, kibali kwa jina lake, uitumie wewe. Nikaandika, wewe ukisema. Iwe ya risasi moja tu, maana mwenye risasi tano ndani ya bunduki hupiga ovyo kwa kujua ana nyingine. Mtutu mrefu. Kitako kutoka kwenye kiwiko chako hadi kwenye kidole cha kupigia, nikapima mara tatu, kwa sababu tulikuwa hatujagusana muda mrefu.

Kisha ukaja kwenye risasi yenyewe, na hapo nikaanza kukushuku kabisa. Hukutaka risasi inayouzwa. Ulitaka maganda matupu ya risasi za bunduki kubwa ya Bwana, yakandamizwe shingo kwenye kalibu ya chuma hadi yabane kijirisasi chembamba. Baruti nyingi, risasi ndogo, ili iruke bonde zima bila kushuka na kumpata mbawala aliyesimama mlima wa pili. Nikauliza: na maganda yakikwisha, duka gani litakuuzia? Ukajibu hakuna, na ndivyo unavyotaka, hakuna mwingine atakayeweza kuitilia risasi yake. Nikaandika. Lakini nilijua ulikuwa unanisema mimi, si bunduki, au nilidhani najua.

Tulipofunga daftari ukasema maneno ambayo yamenikaa mpaka leo. "Bunduki ya zamani inaweza kusema uongo, Mama Wilondja. Hii mupya ikikosa, mi nitajua." Ulisema ukitazama uwanja. Nilikuwa nimekaa kuume kwako, karibu kabisa, na hukugeuka kunitazama. Ulikuwa hunitazami tena, Baba Wilondja. Nilikuwa nakuja na chai, nasimama pale pale kuume, nawe kimya, kama hapo pamesimama ukuta. Nikasema basi, mume wangu amenichukia hata uso wangu hautaki. Na bado vipimo vyako sikukosea hata kimoja. Mwanamke gani mwingine amepimishwa kamba ya kumfungia yeye mwenyewe akapima sawasawa?

Hukungoja ifike. Ulianguka kwenye daraja la gogo pale mto Mutambala, mchana kweupe, gogo ulilovuka tangu utoto. Waliokuwa nyuma yako walisema uliweka mguu wa kuume penye hewa, kana kwamba gogo lilikuwa pana zaidi. Maji yalikuwa mengi. Na kabla hatujafika na maiti nyumbani nilikuwa tayari nimeshitakiwa: kwanza wanyama, sasa na mume mwenyewe. Mama yako alisema siku ya kumaliza matanga wataamua kama nitarudishwa kwetu Mboko na watoto wakabaki hapa. Watoto wangu wanne. Sikulala vizuri tangu hapo.

Bunduki ilikuja siku tatu kabla ya kumaliza matanga. Ndani ya gunia, pamoja na maganda kumi na kalibu yake, fundi alikuwa amerudisha karatasi yangu ya vipimo, ile uliyoichana daftarini ukampelekea Bwana. Nilitazama kwanza kama kuna mtu ameifungua njiani, maana ilikuwa imekunjwa vingine. Mwandiko wangu ulikuwa wote pale. Chini yake palikuwa na mstari mmoja ambao si wangu, ni wa karani wa Bwana, aliyeituma Usumbura: kitako kipindwe, bega liwe la kuume lakini jicho liwe la kushoto, la kuume halioni tena.

Niliusoma nimesimama. Kisha nikakaa chini, nikakutukana. Nisamehe, nilikutukana kwa sauti. Ulijua! Ulijua ni jicho, ukamwambia karani, mtu baki, na mimi ukaniacha nibebe uchafu wa kijiji kizima ili wasikuite kipofu. Nilipomaliza kutukana ndipo nikakumbuka chai, na ule upande niliokuwa nasimama.

Siku yenyewe walikaa wote. Alimasi, anayetaka kazi yako, aliichukua bunduki mbele ya watu, akaiweka begani, akafumba jicho la kushoto kama mnavyofanya wawindaji. Akahangaika, akainamisha kichwa huku na huku. "Hii bunduki iko inapinda," akasema, na akanitazama mimi, kana kwamba hata huko Usumbura nilifika nikaipinda. Watu wakaguna. Nilitaka kunyamaza kwa heshima yako, nakwambia kweli. Nikawatazama watoto, nikasimama.

"Iko ya jicho ya kushoto," nikasema. "Ya kuume ilikuwa imekufa. Hakuona nyama, na hakuona mwisho ya gogo." Nikampa mzee wa kanisa karatasi aisome. Alimasi alijaribu tena, jicho la kuume amelifumba, na bunduki ikamnyookea. Akaiweka chini polepole.

Ni mama yako aliyesema. "Alikuwa anapita kando yangu bila kunisalimia. Nilizania ni we unamufundisha." Kisha akaanza kulia, akanishika mkono. Nilimwachia mkono. Moyo bado, utakuja.

Narudi Mboko wiki ijayo kuwasalimu tu wazazi wangu, kisha nitarudi hapa nyumbani kwangu. Bunduki Bwana ameitundika kwake, hakuna wa kuitumia. Kalibu ya maganda nimeomba niachiwe, nimeifunga ndani ya utepe wa kupimia. Hasira ninayo, nisikudanganye, nayo itakaa. Ungeniambia ningekuwa natembea kuume kwako kila mahali, nikikushika kiwiko, na watu wangesema tunapendana kupita kiasi.

Lala, Baba Wilondja. Nimekwisha kuwaahidisha watoto na mama yako: siku yangu ikifika, wanizike kushoto kwako. Hutahitaji hata kugeuka.

Mama Wilondja