Vidonge vya Fundi Saa

2 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Hali yako na ya mama? Mimi mzima, ila roho haijatulia tangu nisikie daktari amekuta jicho lako limechakaa katikati, na kwamba mshale wa sekunde unauona umepinda. Fundi saa mzima! Nimekutumia vidonge vya vitamini vya macho, chupa tatu. Mwenzangu wa kazini anasema bibi yake anavitumia. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, ukishakula. Usitegee.

Kitindamimba wako

20 Machi

Kitindamimba,

Marahaba. Hatujambo, isipokuwa mgongo wa mama yako. Yeye ndiye anayenisomea barua zako na ndiye anayeandika hapa, kwa hiyo usishangae mwandiko kusomeka. Vidonge nameza, vikubwa kama vya ng'ombe. Saa za ukutani bado natengeneza. Za mkononi nawarudishia wenyewe, nawaambia vipuri hakuna.

Baba yako

11 Juni

Baba,

Shikamoo. Leo salamu fupi, nisamehe. Nilikwenda duka la dawa kukununulia chupa nyingine, mfamasia akaniuliza: "Anayevitumia anavuta sigara, au aliwahi kuvuta?" Nikamuuliza kwa nini. Kumbe nilivyokutumia vina beta-karotini, ile rangi ya karoti, na kwa mvutaji inaongeza hatari ya saratani ya mapafu. Hata aliyeacha anashauriwa aiepuke. Kuna vingine vyenye luteini badala yake, lakini navyo daktari ndiye aamue, maana havimfai kila mtu. Inategemea ugonjwa umefika wapi. Mimi nilituma tu, kama anayetuma soksi.

Uliniambia uliacha sigara mwaka niliomaliza shule. Ni kweli, baba? Acha vidonge kwanza. Nijibu upesi.

Mwanao

28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako amenisomea barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti ya hakimu. Sigara niliacha zamani, kila mtu anajua. Punguza wasiwasi.

Baba yako

9 Julai

Baba,

Shikamoo. Sikuuliza kila mtu anajua nini. Nimekuuliza wewe. Na vidonge je, umeacha? Nikipiga simu anapokea mama, na wewe kila mara uko bafuni. Mtu gani huyo anaoga mara nne kwa siku?

Mwanao asiyelala

2 Septemba

Mwanangu,

Hujambo? Vumilia mwandiko, mistari inapanda na kushuka. Naandika mwenyewe, dukani, mlango nimeufunga.

Ulipouliza, swali lilitoka mdomoni mwa mama yako, na kalamu ya jibu ilikuwa mkononi mwake. Ningesema nini? Navuta. Mbili kwa siku, nyuma ya duka, miaka yote hii. Na vidonge nilimeza karibu miezi mitatu. Siku niliposikia neno saratani nilitupa chupa, sikutupa sigara. Ndivyo nilivyo mjinga.

Jana nilikwenda kwa daktari peke yangu, nikamwambia yote. Hakunigombeza. Alisema sigara yenyewe ndiyo inayonimaliza, mapafu na macho pia. Ugonjwa uko hatua ya kati, kwa hiyo ameniandikia vile vya luteini. Kilichopotea hakirudi, vidonge vinaweza kupunguza mwendo wa ugonjwa tu. Naogopa, mwanangu. Naogopa siku utakayoingia hapa nikakujua kwa sauti peke yake.

Tangu jana sijavuta. Akili yote iko kwenye sigara, hata saa ya ukutani imenishinda. Ukijibu, andika herufi kubwa nisome mwenyewe. Mama yako asijue.

Baba yako

20 Septemba

BABA,

SHIKAMOO. NIMELIA, NIKACHEKA, NIKALIA TENA. VIDONGE NILIKUTUMIA MIMI BILA KUULIZA. NISAMEHE.

USIVUTE TENA, HATA NUSU. NAKUJA DESEMBA, NATAKA UNIONE.

LAKINI HERUFI KUBWA NAMNA HII MAMA ANAZISOMA AKIWA MLANGONI. GEUKA, BABA. MWAMBIE.

MWANAO