Mgeni Aingie kwa Mlango wa Mashariki

Jumatatu, 6 Novemba

Nimepewa. Madamu Voahangy, mwalimu mkuu wetu, amekubali kipindi changu kipya — Historia, Mitazamo na Jamii — darasa la saba, mara tatu kwa wiki, kwa majaribio. Kisha akaniongezea mkia: mkaguzi anakuja tarehe kumi na saba. Asipoona maana yake, vipindi vinakwenda kwa hisabati, nami narudi kusimamia michezo. Mimi. Na magoti haya. Mwaka jana niliwaonyesha watoto namna ya kuruka kamba, wakanibeba watatu.

Nikamweleza Noro, nikidhani mke wangu atanihurumia. Akauliza hiyo mitazamo ni kitu gani. Nikahubiri dakika kumi: kila jamii ina namna yake ya kuuona ulimwengu, na mwenye namna hiyo haioni, kama asivyoyaona macho yake mwenyewe. Akanisikiliza hadi mwisho. Akasema, Baba Tiana, una punje ya wali kwenye shavu la kusini.

Nikaifuta. Shavu la kusini, bila hata kufikiri kusini ni wapi, kama mtu yeyote wa huku kwetu milimani. Ndipo nikapata somo la kwanza.

Jumatano, 8 Novemba

Niliwafumbisha macho, nikawazungusha mmoja mmoja mara tatu, waonyeshe kaskazini. Watoto arobaini na wawili. Wote wamepatia, isipokuwa mmoja aliyeanguka. Nani aliwafundisha? Hakuna. Kona ya kaskazini-mashariki nyumbani ni ya nani? Ya wahenga, wakasema, na mgeni wa heshima — kwa sauti ya watu walioulizwa kama maji yanalowanisha.

Nikawaambia kuna watu duniani hawajui kaskazini iko wapi wakiwa mezani kwao. Wanasema kushoto na kulia.

Mialy akanyanyuka. Huyu binti wa dawati la mbele mdomo wake haujawahi kuwa na komeo.

"Sasa wakigeuka, mwalimu? Kushoto si kunahama?"

Nikakubali kwamba kunahama.

"Maskini," akasema, akaketi.

Kazi ya nyumbani: muulizeni mkubwa yeyote kwa nini nyumba yenu imekaa ilivyokaa.

Ijumaa, 10 Novemba

Kazi ya nyumbani imenirudi usoni. Bibi yake Mialy kaeleza yote: mlango magharibi, wahenga kaskazini-mashariki, na kule kusini-magharibi, zamani, walilala kuku. Watoto wakalitazama darasa. Wakaitazama meza yangu.

Kusini-magharibi. Miaka kumi na tisa nimekaa mahali pa kuku.

"Ndiyo maana hupandi cheo, mwalimu," Mialy akasema. Kwa huruma kabisa, na hilo ndilo lililoniuma.

Wakaomba ruhusa ya kupanga darasa upya. Nikaona haya, watoto wanatumia elimu yao, niwakatalie? Nikaruhusu. Mtu mwenye akili angeuliza kwanza ubao uko wapi.

Jumatatu, 13 Novemba

Ubao uko ukuta wa kusini. Ni wa saruji, hauhami. Kwa hiyo meza yangu iko kaskazini-mashariki, madawati yanaitazama, na ubao uko nyuma ya migongo yao. Nikitaka kuandika navuka darasa zima. Wao wanapinda shingo kama bata.

Mwalimu Rado wa hisabati, anayeingia baada yangu, hugeuza madawati yote kabla ya kufundisha. Leo kanijia. Kwetu jambo zito husemwa polepole. Akaniambia polepole kwamba pembetatu haina wahenga. Nikamwomba radhi. Akaniomba radhi kwa kuniambia. Nikamwomba radhi kwa kumfanya aombe radhi. Kengele ikatuokoa.

Alhamisi, 16 Novemba

Kesho mkaguzi. Watoto wamefanya mkutano bila mimi.

Darasa letu lina milango miwili: wa magharibi tunaoutumia, na wa mashariki ambao umefungwa miaka, mlinzi hurundika viazi vyake nyuma yake. Hoja yao: mkaguzi ni mgeni mkubwa. Heshima iko mashariki. Basi mgeni aingie kwa mlango wa mashariki. Viazi wameviondoa, komeo wamelipaka mafuta, mkeka wametandika. Na wamesukuma madawati sita kuuziba mlango wa magharibi, asije akakosea njia.

Nikawaambia majumbani kwetu hakuna mlango wa mashariki.

"Ndiyo maana hatutembelewi na wakubwa," akasema Mialy.

Nilipaswa kukataa. Sikukataa, na niandike ukweli maana hakuna anayesoma humu: nimefurahi. Kengele ya kwenda nyumbani ilipigwa, wakabaki wanabishana kuhusu somo. Somo langu! Miaka kumi na tisa sijaliona hilo. Wakininyang'anya kipindi hiki hayatauma magoti tu.

Ijumaa, 17 Novemba

Naandika kwenye dawati la nyuma, harakaharaka, mambo bado yanaendelea.

Saa tatu Madamu Voahangy alimleta. Bwana Tombozara: mrefu, mpole, kofia ya ukindu mkononi. Jina peke yake lilinitosha, ni mtu wa pwani ya mashariki, si wa milimani kama sisi. Nikawaza, haidhuru, heshima ni heshima. Mlango ukafunguka bila mlio. Watoto wakasimama. Mialy akatoa hotuba ya kumkaribisha, akaanza na radhi kama inavyotakiwa: radhi kwa udogo wake, radhi kwa kutangulia kusema mbele ya wakubwa, radhi kwa vumbi. Dakika nne za radhi. Kisha: karibu upite, Bwana Mkaguzi.

Hakupita.

Ncha za viatu vyake zilikuwa kizingitini. Akauliza kama kuna mlango mwingine. Madamu akamwambia, huu ndio wa heshima, bwana.

"Kwetu," akasema taratibu, "kwa mlango wa mashariki hutolewa maiti. Aliye hai hapiti."

Sisi wa milimani na wao wa pwani tuna ugomvi wetu wa zamani, na si wote uliomo vitabuni. Nami nimemtandikia mtu wa pwani mkeka apite kama maiti, mbele ya mwalimu mkuu. Mialy akanitangulia kusema.

"Tunaomba radhi, Bwana Mkaguzi. Basi upitie dirishani. Lile la magharibi."

Madamu alifumba macho.

Mkaguzi akazunguka nje. Akasimama mlango wa magharibi akingoja, huku sisi ndani tunavuta madawati sita, moja likakwama, na hakuna aliyethubutu kucheka. Alipoingia hakwenda kwenye kiti tulichomwekea. Aliomba chaki. Akavuka darasa hadi ubaoni, akachora mstatili.

"Hii ni nyumba ya mama yangu," akasema.

Nusu saa sasa. Amechora jiko, vitanda, mlango wa walio hai na mlango wa wafu. Watoto wamegeuza madawati wenyewe. Wanauliza, anajibu, wanambishia, naye anawabishia. Mwalimu Rado yuko mlangoni na bikari yake kubwa ya mbao, kipindi chake kimeanza, hakuna aliyemwona. Fomu ya ukaguzi mkaguzi alinipa nimshikie. Nimeichungulia. Tupu, hata jina langu hajaandika.

Mialy amesimama. Mungu wangu.

"Na kwenu, Bwana Mkaguzi, akija mgeni wa huku kwetu milimani, mnamkalisha wapi?"

Madamu ameacha kujipepea. Mkaguzi anamtazama mtoto, ananitazama mimi, anaugeukia ubao. Ameuinua mkono. Chaki imegusa ndani ya mstatili, haijachora kitu bado, sijui ni kona ya heshima au mahali pa kuku...